Kaka Yake L

Jioni moja mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, alinijia barazani na bahasha ya kaki kwapani. Baada ya shikamoo na marahaba akatoa mafungu mawili ya karatasi zilizotolewa kivuli na kubanwa kwa pini. Alizinunua kwa kijana mmoja atandazaye vitabu chini karibu na Mtaa wa Kongo, mahali ambapo kamusi, madaftari, vitabu vya dini na vitabu vya kutafuta utajiri hulala pamoja juu ya turubai moja. Fungu la kwanza ni la Kiingereza, limetokana na kitabu cha India. La pili ni la Kiswahili, halina jina la mtunzi wala la mpiga chapa, na mtu akizilinganisha kurasa ataona mara moja kwamba la pili ni tafsiri ya la kwanza. Mjukuu wangu ana shahada, hana kazi, na alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kuandika ambao hakujua utakuwa wa lugha gani. Kwa hiyo alinunua yote mawili. Wenzake waliomtangulia walimwambia kuwa humo mtu haulizwi alichosomea chuoni. Anaulizwa nani ameketi kushoto kwa nani, nani ni wa tatu kutoka nyuma, mtu aliyekata kulia mara mbili anatazama wapi, na yule aliye kwenye picha ni nani wa yule anayeionyesha.

"Babu, wewe ulikuwa mwalimu wa hisabati," akaniambia. "Nifundishe haya."

Nimekaa na karatasi zile wiki tatu. Ninaandika kurasa hizi kama mhakiki aandikavyo juu ya kitabu, kwa sababu naona kuwa maandishi yanayoamua nani apate riziki na nani arudi nyumbani yanastahili kuhakikiwa sawa na riwaya na tenzi. Tena ninayo sababu yangu nyingine, ambayo msomaji ataiona mbele.

Kwanza niseme kwamba mimi si adui wa mafumbo haya. Nilisomea ualimu katika miaka ambayo hisabati yenyewe ilikuwa imevalishwa nguo mpya. Tangu mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na nchi za Afrika walikuwa wakikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati za kisasa, nasi tukajikuta tunafundishwa seti kabla ya kufundishwa jinsi ya kumwonyesha mtoto kugawanya. Vitabu vile baadaye viliachwa, na wengi walishangilia vilipoachwa. Mimi vilinipa tabia moja ambayo sijaitupa: kuchukua maneno yaliyotolewa, kuyachora kwenye karatasi, na kutosema chochote ambacho maneno hayo hayakusema. Hilo ndilo jambo linalotakiwa katika mafumbo ya mjukuu wangu. Fumbo maarufu kuliko yote ya aina hii, la nyumba tano za rangi tano ambamo inatakiwa kujulikana ni nani anayefuga punda milia, lilichapwa katika gazeti la Life International mwaka huo huo wa 1962, na tangu hapo watu wanamsingizia Einstein kuwa ndiye aliyelitunga. Wahindi ndio waliolifanya jambo hili kuwa somo kamili, kwa sababu kwao maelfu kwa maelfu ya vijana hushindania nafasi chache za benki, reli na serikali; kitabu cha R. S. Aggarwal kina sura nzima juu ya udugu wa damu na nyingine juu ya pande za dunia. Wala asije mtu akaniambia kuwa haya ni mambo ya kigeni kwetu. Nani kati yetu hakuulizwa utotoni avushe mtoni chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi mdogo?

Mafumbo ya kupanga foleni sitayakalia sana. Asha ni wa saba kutoka mbele na wa kumi na mbili kutoka nyuma. Foleni ina watu wangapi? Jumlisha, toa mmoja, kumi na wanane. Mjukuu wangu alisahau kumtoa mmoja, kama wanavyosahau wote, mpaka nilipompanga yeye mwenyewe katika mstari wa vifuniko vya soda akajiona amehesabiwa mara mbili. Sisi tuliosimama foleni za sukari na sabuni miaka ya mwanzo ya themanini tulijua hesabu ngumu kuliko hiyo, maana katika foleni zile mtu mmoja aliweza kuwa mawe matatu na kikapu kimoja.

Mafumbo ya kuketi yana utamu zaidi. Nilimtungia moja. Watu watano wameketi kulizunguka sinia la pilau, wote wakitazama katikati. Juma yuko kulia kwa Asha, bega kwa bega. Neema hayuko karibu na Asha. Hamisi yuko kati ya Neema na Rehema. Ni nani aliye kushoto kwa Asha?

Kijana alichora duara, akamweka Asha chini ya duara, na Juma akamweka mkono wa kushoto wa karatasi. Kosa hili nimeliona kwa wanachuo miaka mingi. Mchoraji hulitazama sinia kutoka darini, kama mjusi, na hukisia kulia na kushoto bila ya kuketi mwenyewe. Nikamwambia aondoe kalamu, akae kwenye mkeka, auonyeshe mkono wake wa kulia. Kiswahili chenyewe kinamsaidia, kwa sababu mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula; atakaposhika tonge atajua Juma yuko wapi. Akakaa, akashika tonge la hewa, akapata. Juma kulia, halafu Neema, halafu Hamisi, na Rehema anafunga duara kushoto kwa Asha. Neema hawezi kukaa mahali pa Rehema, maana atakuwa amegusana na Asha.

Bibi yake alikuwa akichambua mchele mlangoni, anatusikiliza. Akauliza, "Hawa Asha na Juma ni nani kwa nani hata wale sinia moja bega kwa bega?"

Tulicheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekwa, nami nilimweleza kijana kwa nini. Miaka ya 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kirusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistani kuwauliza wakulima mafumbo ya mantiki. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba mahali fulani ni huko kaskazini. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi waliokuwa hawajasoma walimjibu kuwa hawajafika huko na hawasemi jambo ambalo hawakuliona. Vitabu vingi hulitaja jibu hilo kama upungufu. Mimi husoma humo adabu ya mtu anayejua kwamba kusema ni kubeba dhamana. Na Waila wa Zambia wana hadithi ya mvushaji aliyekuwa na chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na mtumbwi usiotosha. Alifikiri amwache mmoja wao, akaona wote ni kama watoto wake, basi akabaki ng'ambo ile ile asivuke. Katika mtihani angepata sifuri.

Hata hivyo nilimwambia mjukuu wangu, mbele ya bibi yake, kwamba yeye hana ruhusa ya kubaki ng'ambo. Anayeingia katika mchezo hukubali sheria zake. Asha na Juma wamekula sinia moja kwa sababu mtunzi amesema hivyo, na mpaka fumbo liishe hatuwaulizi kitu kingine. Kuweza kushika neno la mtu mwingine kana kwamba ni kweli, ukafuata mpaka mwisho wake, ni kazi kubwa ya akili, na shule ikishindwa kumfundisha mtoto hivyo haijamfundisha hisabati. Lakini sharti hilo lina upande wa pili. Mimi nikikubali kutotia langu katika maneno ya mtunzi, mtunzi naye lazima atie yote yanayohitajika. Katika kitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akisha kupewa mji ni lazima afumbue mbele ya baraza. Jibu likiwa la hovyo, baraza humzomea. Katika karatasi hizi hakuna baraza. Kuna ukurasa wa mwisho tu wenye safu ya herufi, 1 C, 2 A, 3 D, na nusu yake imekatwa na mashine ya kutolea kivuli.

Tuje sasa kwenye pande za dunia, ambapo tafsiri inaanza kuyumba. Mtu ametembea mita 30 kwenda kaskazini, akakata kulia mita 40, akakata kulia tena mita 30. Yuko wapi kutoka alipoanza? Yuko mita 40 mashariki, na hapo hakuna ubishi. Lakini hapa mtaani kwetu simjui mtu aendaye kaskazini. Watu hunyoosha na Msimbazi kama wanaokwenda Fire, hushuka upande wa Mnazi Mmoja, hukata Mkunguni, hutokea Tandamti. Mitaa ya Kariakoo ilipangwa kwa mistari iliyonyooka kama karatasi ya hesabu, ila karatasi yenyewe imewekwa upande, haikulingana na dira. Kijana aliyezaliwa hapa anaweza kukupeleka dukani gizani, na ukimwuliza kaskazini iko wapi atatazama juu kama anayetafuta ndege.

Nikampa njia ya kwetu. Maneno kaskazini na kusini yametoka kwa pepo, kaskazi na kusi. Mabaharia hawakuhitaji dira kuyajua. Na anayeswali hapa anayo dira kila siku, kwa sababu Dar es Salaam na Makka zimelala karibu katika longitudo moja. Ingia Msikiti wa Mtoro, tazama safu zinakoelekea: huko ni kaskazini, kwa tofauti ndogo isiyoweza kuonekana kwa jicho. Nilifurahi sana kumwambia hivyo, kwa sababu mtunzi wa Mumbai akiandika fumbo la mtu anayeelekea kibla, jibu lake litakuwa magharibi, na litakuwa sahihi kwake. Mfasiri wa Dar es Salaam akilihamisha lilivyo atakuwa amewapotosha waumini wote wa Kariakoo.

Wala huo si mfano wa kubuni tu. Katika fungu la Kiswahili limo swali la kivuli. Asubuhi mtu amesimama na kivuli chake kiko kulia kwake, anatazama wapi? Kusini, na ni kusini kokote duniani jua linakochomoza mashariki. Swali linalofuata linasema: adhuhuri, kivuli changu kiko mbele yangu, natazama wapi? Ufunguo unasema kaskazini. Kwa mtu wa Delhi ni kaskazini mwaka mzima, kwa kuwa jua la adhuhuri halifiki utosini kwao, daima liko upande wao wa kusini. Sisi tuko chini ya ikweta kwa digrii kama saba. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba liko kaskazini yetu na kivuli cha adhuhuri kinaangukia kusini. Ni katika miezi ile mingine kama mitano tu kwamba ufunguo ule unasema kweli hapa. Nilimtuma kijana asimame uani saa sita na nusu kwa siku tatu, na ilikuwa mwezi wa Julai. Alirudi akasema, "Babu, kitabu kimekosea." Nikamwambia kitabu hakijakosea; kimehama nyumba bila kubadili anwani.

Sasa nifike kwenye udugu, ambako nilikuwa nikielekea tangu mwanzo.

Kiingereza ni maskini wa ndugu. Kina neno moja ambalo vijana wetu wamelifanya anko, na neno hilo linameza baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na bado lina nafasi ya mume wa shangazi na rafiki wa baba aliyekuja na soda. Anti naye anameza shangazi, mama mkubwa na mama mdogo. Wahindi waliliona tatizo hili mapema. Katika lugha zao ndugu wa baba na ndugu wa mama wana majina mbalimbali, na kwa hiyo vitabu vyao vya Kiingereza huongeza kila mara kwamba huyu anko ni wa upande wa mama au wa upande wa baba. Wameikarabati lugha ya watu ili iweze kuingia nyumbani kwao. Mfasiri wetu alipokutana na neno "mjomba" likiwa tayari limekaa katika lugha yake, alitakiwa ashukuru na kulitumia; badala yake ameandika "mjomba wa upande wa mama", kana kwamba kuna mwingine, na ukurasa wa pili ameandika "mjomba wa upande wa baba". Huyu wa pili ni kiumbe ambaye bado hajazaliwa katika Kiswahili.

Nitaeleza kichekesho kimoja halafu niendelee. Nikiwa kijana nilimfundisha hesabu za jioni mtoto wa duka moja la Mtaa wa India, familia ya Kigujarati. Siku moja aliniambia, kwa Kiswahili safi, kwamba leo hatasoma kwa sababu mama yake amefika kutoka Mombasa na amemletea saa. Akaingia bwana mnene mwenye ndevu. Kwa Kigujarati mama ni mjomba, na kaka ni ndugu wa baba. Tangu siku hiyo sijaamini kwamba kuna fumbo la ukoo linaloweza kusimama juu ya mantiki peke yake.

Kiswahili, kwa upande wake, ni tajiri mpaka cha kushangaza. Chukua neno wifi. Akilitamka mtu, "wifi yangu", umekwisha jua kwamba msemaji ni mwanamke, kwamba anayesemwa ni mwanamke, na kwamba mmoja wao ameolewa na ndugu wa kiume wa mwenzake. Mtunzi wa Kiingereza angehitaji mistari mitatu. Chukua umbu, neno ambalo vijana wamelitupa: humtaja ndugu wa jinsia nyingine, dada kwa kaka yake au kaka kwa dada yake, hata mtu akisema "umbu langu" ukijua jinsia ya mmoja umeijua ya mwingine. Chukua baba mdogo: upande gani, jinsia gani, na nani alizaliwa kwanza, vyote katika maneno mawili. Sitaji babu anayemwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", maana hapo mtunzi wa mafumbo itabidi aende likizo.

Lakini utajiri wetu una tundu mahali ambapo mfasiri hatazami. Kiwakilishi chetu hakina jinsia. Kwa Kiingereza mtu hawezi kusema kitu ni "chake" bila kukuambia kama mwenye nacho ni mwanamume au mwanamke. Sisi twasema "yake", na mwenyewe anabaki nyuma ya pazia. Watunzi wa Kiingereza huficha ufunguo wa fumbo katika kineno hicho kidogo. Mfasiri akipita na kukiandika "yake", ameutupa ufunguo na kuuacha mlango umefungwa, na yeye hajui, kwa sababu anao ukurasa wa majibu mkononi.

Swali la 14 katika fungu la Kiswahili linasema hivi: K ni mtoto wa L. L anasema kwamba M ni kaka yake. Je, M ni nani wa K? Na ufunguo: mjomba.

Nilipolisoma niliweka karatasi chini. Mjukuu wangu alifikiri nimechoka.

Mwaka 1988, kabla sijawa mkuu wa chuo, nilikuwa mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu huko bara. Tulitaka kuchagua wanachuo wachache wa kozi maalumu ya kufundisha hisabati, na nikapewa kazi ya kutunga jaribio la akili lisilotegemea kile walichokariri. Nilikuwa na kijitabu cha Kiingereza kilichoachwa na mkufunzi mgeni. Nilifasiri maswali ishirini kwa usiku mmoja, kwa taa ya chemli, nikajiona nimefanya kazi ya maana. Mojawapo lilikuwa hili hili la K, L na M. Kwa Kiingereza lilikuwa wazi kabisa kwamba L ni mwanamke. Nami niliandika "kaka yake".

Karibu wote waliandika mjomba. Kijana mmoja, mnyamavu, aliyekuwa akikaa nyuma, aliandika: Mjomba, au baba mkubwa. Nilikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: Jibu ni moja.

Ninaikumbuka karatasi ile kwa sababu alinifuata ofisini. Hakubisha, siku hizo mwanachuo hakubishana na mkufunzi. Aliuliza tu, "Mwalimu, L ni nani?" Nikamjibu kwamba L ni herufi. Wakufunzi wenzangu walicheka sana nilipowasimulia, na nilisimulia zaidi ya mara moja.

Sasa tazama, msomaji, kile alichokifanya kijana yule. Aliona kwamba L hakutajwa jinsia. Akafuata njia mbili. Kama L ni mama wa K, basi M, akiwa kaka wa mama, ni mjomba. Kama L ni baba wa K, M ni ndugu wa baba. Hapo mtu mvivu angeandika baba mkubwa au baba mdogo. Yeye aliandika baba mkubwa tu. Kwa nini? Kwa sababu katika Kiswahili alicholelewa nacho, kaka ni yule aliyekutangulia kuzaliwa; aliyekufuata ni mdogo wako. Vijana wa leo wanasema "kaka yangu mdogo", na hainipendezi, lakini mwaka ule neno lilikuwa bado lina meno. Basi baba mdogo hawezi kuwamo. Katika chumba cha watu zaidi ya arobaini ni yeye peke yake aliyesoma swali lililokuwa limeandikwa. Sisi wengine, na mimi wa kwanza, tulisoma swali lililokuwa katika kijitabu cha Kiingereza.

Alikosa nafasi ya kozi kwa alama chache. Nimejaribu kukumbuka kama alama mbili za swali lile zingemvusha. Wakati mwingine naona zingemvusha, wakati mwingine naona la. Alimaliza mafunzo ya kawaida akapangiwa shule ya msingi mbali sana na sisi, na sikupata habari zake tena. Nami nikapanda cheo, nikawa mkuu, nikasimama mbele ya wanachuo miaka mingi nikiwaambia kuwa mwalimu mzuri husoma jibu la mwanafunzi kabla ya kutazama jibu lake mwenyewe. Sijui kwa nini sikujisikia.

Nilimsimulia mjukuu wangu yote haya jioni ile. Alikaa kimya, halafu akauliza jambo la maana kuliko maelezo yangu: akikutana na swali kama hilo kwenye usaili, aandike lililo sahihi au lile wanalolitaka? Nikamwambia kwamba akipewa nafasi ya kuandika, aandike kama kijana yule, na aongeze sababu kwa sentensi moja. Akipewa herufi za kuchagua, nilishindwa kumjibu mara moja. Bibi yake akasema achague kazi.

Halafu bibi huyo, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, akatupa fumbo lake mwenyewe bila kuacha kuchambua mchele. Alilisema kama mtu anayeeleza habari za jirani. Mwanamke anasema: "Kijana huyu ni mtoto wa wifi yangu, lakini haniiti shangazi. Mume wangu ni nani wake?"

Kijana alichora visanduku na mishale kwa muda wa robo saa. Wifi ni mmoja kati ya wawili: ama mke wa kaka wa huyu mwanamke, ama dada wa mumewe. Angekuwa mke wa kaka, mtoto angekuwa wa kaka, na angemwita shangazi. Hamwiti shangazi, basi wifi huyo ni dada wa mume, na mtoto wa dada humwita mume huyo mjomba. Hakuna jinsia iliyopotea, hakuna umri uliofichwa, hakuna kilichoazimwa. Nililiandika nyuma ya bahasha ya kaki, na nikalitafutia kasoro siku mbili nzima nisiione.

Usaili ulikuwa Jumamosi. Alirudi saa tisa alasiri, amechoka, shati limelowa. Mtihani ulikuwa wa Kiswahili, maswali hamsini kwa saa moja. Foleni alizipata zote. La meza ya duara alilipata kwa kushika tonge chini ya dawati, na msimamizi alimtazama vibaya. La kivuli halikuwamo. La K na L lilikuwamo, kwa herufi nyingine, na "kaka yake" ile ile. Nilimwuliza alichagua nini. Akasema alichagua mjomba, kwa sababu baba mkubwa hakuwamo katika A, wala B, wala C, wala D.